Maswali ya Wasomaji: Fimbo Nyepesi na Mshipi wa Kusuka kwa Uvuvi wa Kriki na Milango ya Mito

Majibu ya toleo hili yote ni ya vifaa vyepesi: fimbo, rili na mshipi wa kusuka, kwa wanaovua kwenye kriki, mikokoni na penye milango ya mito. Barua tumezifupisha. Vipimo tumeviandika kwa gramu, kilo na milimita, lakini kwa kuwa vifaa vyenyewe huja vimeandikwa ratili, wakia na futi, tumeonyesha pia namna ya kuvigeuza.

Salaam aleikum. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, kriki ya Mtwapa. Sasa nataka fimbo nyepesi ya kurushia vyambo bandia, na mara mojamoja nitatumia kamba wa chambo. Dukani naona fimbo za futi 6 hadi 10, na tarakimu zilizoandikwa juu yake sizielewi. Pesa niliyo nayo ni ya fimbo moja tu. Nichukue ipi? — Msomaji, Mtwapa

Wa aleikum salaam. Kwa fimbo moja ya kazi zote za kriki, chukua ya futi 7, yaani mita 2.1 na kidogo, ya vipande viwili, iliyoandikwa kwamba inarusha gramu 5 hadi 20. Hiyo utaitumia ukiwa mtumbwini, ukisimama gatini, na hata ukitembea ufuoni maji yakiwa yamepwa. Ya futi 6 ni nzuri chini ya matawi ya mikoko, ila ukivua kutoka nchi kavu haikufikishi kwenye mkondo, na samaki akikimbilia mizizi huna urefu wa kumgeuza. Za futi 9 na 10 zimetengenezwa kurusha risasi nzito kwenye mawimbi. Ukizifungia chambo cha gramu 7 hazipindi, na fimbo isiyopinda hairushi kitu.

Tarakimu huandikwa juu kidogo ya mpini. Ukiona 7'0" au 213 (sentimita), huo ni urefu. Ukiona 5–20 g, huo ni uzito wa chambo pamoja na risasi yake. Ikiwa imeandikwa kwa wakia, kumbuka wakia moja ni gramu 28: 1/4–3/4 oz ni gramu 7 hadi 21, nayo inakufaa vilevile. 6–12 lb ni nguvu ya mshipi kwa ratili. Ratili moja ni gramu 454, kwa hiyo hapo ni kilo 2.7 hadi 5.4. Herufi L, ML, M na MH zinaeleza ugumu wa fimbo kutoka nyepesi kwenda nzito, lakini kila kiwanda kina kipimo chake, na ML ya mmoja huwa M ya mwingine. Zifuate gramu, herufi ziache. Tena usikae siku nzima ukirusha uzito wa mwisho wa kipimo. Fimbo ya 5–20 inajisikia nyumbani kati ya gramu 8 na 15.

Ikiandikwa Fast, maana yake inapinda zaidi sehemu ya juu na kiuno kinabaki kigumu. Hiyo ndiyo unayoitaka kwa samaki wa mpira na vyambo vya kuchezesha. Ncha laini inarusha kitu chepesi na kukupa habari za mguso, kiuno kigumu kinachoma ndoana na kumvuta kolekole atoke mikokoni.

Kabla ya kulipa, ipime palepale dukani. Iunge, ishike mpini usoni, tazama kwa jicho moja kama pete zote zimekaa mstari mmoja. Pitisha mshipi kwenye pete zote, mtu aushike chini huku wewe unainua fimbo pole mpaka digrii 45. Mpindo uanzie theluthi ya juu, kisha ushuke kadiri mvuto unavyozidi. Usikubali mtu aikamate ncha na kuikunja kwa mkono, fimbo huvunjika hivyo. Halafu chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete. Pamba ikinasa nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utautafuna mshipi wa kusuka bila wewe kujua. Pete ziwe na duara la ndani la kauri, yaani alumini oksidi au silikoni kabaidi. Zile za chuma kilichopakwa kromu tu huchimbwa mifereji na mshipi unaobeba mchanga. Miguu ya pete iwe ya chuma kisichoshika kutu. Fimbo ya futi 7 inahitaji pete 7 hadi 9 ukihesabu na ya ncha. Zikiwa chache, mshipi hupigapiga mwili wa fimbo na uzito haugawanyiki sawa. Ukizuiwa kuipima, nenda duka jingine.

Kuhusu kaboni na glasi: kaboni ni nyepesi na inaleta mguso mkononi upesi, ila ikipata kovu huvunjika ghafla. Glasi ni nzito na ya polepole lakini inavumilia kugongwa. Fimbo iliyochanganya vyote viwili haina aibu yoyote. Kama pesa ni ya kuhesabu, itumie kwenye pete nzuri na rili yenye breki laini (breki ndiyo inayoachia mshipi utoke samaki akivuta) kabla hujanunua asilimia kubwa ya kaboni iliyoandikwa kwenye lebo.

Rili ya fimbo hii ni ya ukubwa wa 2500, yenye uzito wa gramu 230 hadi 300. Ifunge, kisha laza fimbo juu ya kidole mbele kidogo ya rili. Ikitulia hapo au karibu na hapo, mkono hautachoka. Na kwa kuwa utapanda nayo matatu au bodaboda, kata bomba la plastiki la inchi 2 lenye urefu wa mita 1.2, ziba upande mmoja, weka fimbo ndani. Fimbo nyingi huishia mlangoni mwa gari kabla hazijaona samaki.

Habari zenu wahariri. Navua mlangoni mwa mto Pangani. Maji ni ya kahawia na mkondo mkali wakati wa bamvua. Jamaa mmoja ananishauri mshipi wa kusuka wa ratili 30 nisipoteze samaki, mwingine anasema 10 zinatosha. Na je, nyuzi nne au nane? Rangi ipi? — Msomaji, Pangani

Nzuri, ndugu. Chukua mshipi ulioandikwa PE 1, mita 150. Kwenye pakiti nyingi utakuta umeandikwa ratili 15 hadi 20, lakini usinunue kwa ratili, nunua kwa unene. PE ni kipimo cha unene kilichotoka Japani: PE 0.6 ni milimita 0.128, PE 0.8 ni 0.148, PE 1 ni 0.165, PE 1.5 ni 0.205 na PE 2 ni 0.235. Viwanda vya bei rahisi huandika namba moja na kusuka nyingine. Kuujua ukweli, zungushia mshipi kwenye penseli mara 50, mizunguko ikae bega kwa bega, pima upana wake kwa rula. PE 1 ya kweli hutoa milimita 8 au 9, pengine 10 kwa sababu msuko hubonyea. Ikifika 13, umeuziwa PE 2 kwa jina la PE 1.

Unene ndio unaoamua kila kitu mahali kama pako, kwa sababu mkondo unasukuma mshipi wote ulio majini, kutoka ncha ya fimbo hadi kwenye chambo. PE 2 ni nene kuliko PE 1 kwa asilimia 40 hivi, na maji huisukuma kwa kadiri hiyohiyo. Chambo cha gramu 12 kinachogusa chini ukiwa na PE 1 kitaelea katikati ya maji ukiwa na PE 2, nawe utaongeza risasi, kisha fimbo nyepesi italemewa na ule wepesi ulioulipia utakuwa umepotea. Zaidi ya hayo, hizo ratili 30 hutazitumia kamwe. Breki ya rili yako itaachia kwenye kilo 1.5 au 2. Ukiikaza mpaka mshipi wa ratili 30 ndio uamue, kitakachokatika kwanza ni fimbo, au ndoana itanyooka.

Ratili 10, yaani PE 0.6 hivi, ni nzuri kwa maji meupe na mchanga mtupu. Mlangoni mwa mto wenye magogo na chaza, kovu dogo tu linauondolea nusu ya nguvu yake. Tena mshipi mwembamba hivyo humsumbua anayeanza: upepo unaupeperusha na fundo likifunga kufunguka ni kazi.

Nyuzi nne au nane? Katika unene uleule, kila uzi wa msuko wa nne ni mnene kuliko uzi wa msuko wa nane, kwa hiyo unahimili kukwaruzwa zaidi. Una sauti kwenye pete, unarusha pungufu kidogo, na ni rahisi kwa bei. Wa nane ni wa mviringo, laini, unakwenda mbali. Pangani penye tope na miti, chukua wa nne. Kwenye kriki ya maji meupe, ambako samaki unamrushia mbali, wa nane unastahili bei yake.

Rangi isikusumbue. Karibu na chambo kutakuwa na lida, kipande cha mbele cha nailoni au florokaboni, na samaki ataona hicho. Wewe chukua manjano au nyeupe ili macho yako yaone mshipi ukishtuka. Mara nyingi mguso wa kwanza huonekana kabla haujafika mkononi. Kumbuka pia mshipi wa kusuka ni wa polyethilini, mwepesi kuliko maji, hivyo huelea na upepo wa Kusi huupinda kama upinde. Ukisharusha, shusha ncha ya fimbo karibu na maji.

Jambo moja zaidi la mahali penyewe. Kwa vifaa vyepesi, siku za maji mafu zina faida kwenye mlango wa mto kuliko bamvua. Siku za bamvua vua saa ya kwanza ya kupwa na saa ya mwisho, pale mkondo unapolegea. Katikati yake hakuna mshipi mwembamba wa kutosha.

Nina matatizo mawili na mshipi wangu mpya wa kusuka. La kwanza, nikikaza breki mpaka mwisho, samaki bado anavuta na rili inazunguka. La pili, kila baada ya kurusha mara kadhaa napata rundo la mafundo kwenye pete ya kwanza. Mwenye duka anasema mshipi ni mzima. — Msomaji, Tudor, Mombasa

Mwenye duka huenda anasema kweli. Tatizo la kwanza ni kwamba umefunga mshipi wa kusuka moja kwa moja kwenye spuli, kile kigurudumu cha rili kinachobeba mshipi. Polyethilini inateleza juu ya chuma laini, na mzigo wote wa mshipi unazunguka kama pete kwenye kidole wakati spuli yenyewe imetulia. Ukitaka kuhakikisha, kaza breki, vuta mshipi, tazama spuli. Kama mshipi unatoka na spuli haizunguki, ndiyo hiyo.

Dawa ni kuanza na nailoni chini. Nailoni huvutika kidogo, ikazwapo huikumbatia spuli. Mita 10 zinatosha kuzuia kuteleza, lakini rili nyingi za 2500 zina spuli ya kina, na mita 150 za PE 1 hazitaijaza, kwa hiyo nailoni inafanya kazi ya kujaza pia. Kiasi chake kinapatikana kwa hesabu. Tuseme spuli imeandikwa 0.25 mm – 160 m. Zidisha 0.25 kwa 0.25 kwa 160, unapata 10. Mshipi wako: 0.165 kwa 0.165 kwa 150, unapata 4.1. Zimebaki 5.9. Gawa kwa 0.25 mara 0.25, unapata mita 94 za nailoni ya milimita 0.25. Punguza mita 5, kwa kuwa mshipi wa kusuka huwa mnene kidogo kuliko ulivyoandikwa. Mshipi ukishajaa, uishie milimita 2 chini ya ukingo wa spuli.

Tatizo la pili linatokana na kulegea. Mshipi uliozungushwa bila kukazwa huacha vitanzi juu ya spuli. Ukirusha, kitanzi cha juu kinabeba cha chini, vyote viwili vinafika pamoja kwenye pete ya kwanza, na hapo ndipo rundo lako linapozaliwa. Kwa hiyo toa mshipi wote, uzungushe upya ukiwa umepita ndani ya kitambaa kibichi kilichobanwa kwa vidole, mvuto wa nusu kilo hivi. Kibichi, kwa sababu msuguano mkavu unachoma vidole na kuuharibu mshipi.

Kisha badilisha mkono wako. Chambo kikigusa maji, funga waya wa rili (ule unaorudisha mshipi kwenye spuli) kwa mkono, usizungushe mpini ili ujifunge wenyewe. Vuta mshipi kidogo kwa vidole juu ya rili mpaka ukaze, ndipo uanze kuzungusha. Wengi huacha mafundo siku hiyohiyo wanapoanza kufanya hivi. Na spuli iliyojazwa mpaka ukingoni, au chambo cha gramu 3 kilichorushwa kuukabili upepo, vitaleta mafundo hata kwa fundi.

Fundo likishatokea, usivute. Legeza, tafuta vitanzi vinavyotokeza, vipanue kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Likivutwa mara moja, kata.

Shikamooni. Huku Gazi navua kandokando ya mikoko. Mshipi wa kusuka unakatika kila samaki akiingia kwenye mizizi, hata kwa samaki mdogo. Naambiwa nifunge lida. Ya urefu gani, na fundo gani lisilonaswa kwenye pete? — Msomaji, Gazi, Kwale

Marahaba. Mizizi ya mkoko ile inayoshuka kama miguu ndiyo inayobeba chaza, na ganda la chaza ni wembe. Mshipi wa kusuka una nguvu ya kuvutwa kuliko nailoni ya unene uleule, ila kwa kukwaruzwa ni dhaifu. Uzi mmojammoja ukikatika, msuko wote umekwisha. Kwa hiyo lida kwako ni ya lazima. Kandokando ya mikoko tumia ratili 20 hadi 25, unene wa milimita 0.37 hadi 0.43 hivi. Mbali na mizizi, kwenye mchanga na majani ya bahari, ratili 10 au 12 zinatosha na samaki watagusa zaidi. Florokaboni ni ngumu kwa kukwaruzwa na inazama, nailoni ni laini na rahisi. Kwa ratili 20 mikokoni, tofauti ya bei ya florokaboni tunaona inalipa.

Urefu uwe mita 1 hivi, ili fundo likae nje ya pete ya ncha unaporusha. Ukitaka mita 2, fundo litaingia ndani ya pete, nalo ni lazima liwe jembamba.

Anza na fundo la uni mbili, linafungika hata mtumbwini. Laza mshipi na lida sambamba, ncha zikielekea kinyume, zipishane sentimita 20. Chukua ncha ya mshipi, irudishe nyuma ifanye kitanzi, kisha ipitishe ndani ya kitanzi hicho ikizunguka nyuzi zote mbili mara 8. Vuta taratibu mpaka lifumbe, usilikaze bado. Fanya vivyo hivyo kwa ncha ya lida, mizunguko 4. Lowesha kwa mate, kisha vuta mshipi huku na lida kule mpaka mafundo mawili yakutane. Kaza, kata: lida ibaki milimita 1, mshipi milimita 3.

Fundo la FG ni jembamba zaidi na ndilo la lida ndefu. Lida iwe imekazwa na kunyooka. Mshipi uzungushe juu yake, mara kutoka kulia, mara kutoka kushoto, kama asukavyo mtu ukili, jumla mara 20, kila mzunguko ukae kando ya mwenzake bila kupandana. Funga fundo nusu mbili kuzunguka mshipi na lida ili kushikilia. Lowesha, vaa glavu, vuta kwa nguvu kinyume mpaka rangi ya msuko ibadilike na kuwa nzito. Rangi isipobadilika, fundo bado halijauma. Kata ncha ya lida karibu kabisa, kisha funga fundo nusu 6 juu ya mshipi peke yake, ukigeuza upande kila mara. FG likichomoka zima, kosa ni kukaza. Likikatika penye fundo, mara nyingi lilivutwa kavu, na polyethilini haistahimili joto la msuguano.

Sasa breki. Wavuvi wa mikokoni wengi huifunga mpaka mwisho, na hilo ni nusu ya sababu ya mshipi wako kukatika, kwa maana mshipi usiovutika, breki isiyoachia na ganda la chaza havipatani. Robo ya nguvu ya kilicho dhaifu zaidi ndicho kipimo. Kwa mshipi wa ratili 15 ni kilo 1.7. Jaza chupa ya lita 1.5 maji, ifunge kwenye mshipi, elekeza fimbo chini moja kwa moja, inua. Breki ianze kuachia chupa ikitoka chini. Samaki akishika, usiinue fimbo juu. Ilaze ubavuni, upande ulio kinyume na mikoko, uvute kichwa chake. Sekunde mbili za kwanza ndizo zenye kazi.

Ndoana ikinasa mizizini, usivute kwa fimbo wala usizungushie mshipi mkononi. PE 1 hukata nyama kabla ya kukatika yenyewe. Zungushia kijiti mara 5, elekeza fimbo moja kwa moja kwenye mnaso, vuta kwa kijiti. Kipande ulichokikata kirudi nyumbani nawe, kwa sababu majini hakiozi na kasa hunaswa nacho.

Chaa wanagusa kila mara, nikivuta wanatoka. Nilipokuwa na nailoni haikuwa hivi. Chambo ni kamba. — Msomaji, Bagamoyo

Chaa ana mdomo mwembamba unaochomoza mbele, na ngozi yake hupasuka. Nailoni ilikuwa inavutika na kukusamehe, mshipi wa kusuka hauvutiki. Rudisha kuvutika huko mbele: lida ya nailoni, si florokaboni, ratili 8, urefu mita 2, iliyofungwa kwa FG. Breki ishushe mpaka nusu kilo. Ndoana iwe ndogo, namba 8 au 10, na kamba mmenye, umkate kipande cha sentimita 1. Kipande kikubwa anakifyonza ncha tu. Risasi ya gramu 8 ya tundu iteleze juu ya lida ili asihisi uzito. Halafu usivute kwa mshtuko. Ukihisi mguso wa pili, inua ncha pole huku unazungusha.

Wakikata lida kwa alama safi kama ya mkasi, hao si chaa, ni bunju. Hama mita 50.

Fimbo yangu ya kaboni imevunjika futi moja kutoka ncha, kwa samaki wa robo kilo tu! Ina miezi michache. Ni ubovu wa kiwanda? — Msomaji, Kilifi

Pole, ndugu. Ubovu wa kiwanda upo, lakini hujitokeza mapema, kwenye mvuto mkubwa wa kwanza. Futi moja kutoka ncha ni mahali pa makosa mawili. La kwanza ni kumwinua samaki kando ya mtumbwi fimbo ikiwa imesimama wima. Hapo ncha inabeba uzito wote peke yake, kiuno hakisaidii. Acha mshipi utoke mrefu kama fimbo yenyewe, ilaze fimbo, tumia wavu. La pili ni kovu la zamani. Kichwa cha risasi kinachoning'inia na kugongagonga fimbo safarini huvunja nyuzi za kaboni ndani, nje huoni kitu. Tazama palipovunjika: mipasuko mirefu kama nyuzi inaonyesha kuzidiwa, palipokatika sawasawa kama kwa kisu panaonyesha kovu.

Usiifunge ndoana kwenye pete ya kauri unapohama, ifunge kwenye kijipete cha mpini. Sehemu ya kuungia ipake mshumaa, uikague kila baada ya nusu saa ya kurusha, maana ikilegea hupasua kipande cha kike. Na kaboni hupitisha umeme. Radi za masika zikianza, laza fimbo uondoke majini.

Je, naruhusiwa kuvua kwa fimbo popote Watamu na Mida? — Msomaji, Watamu

Hapana. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari hakuna uvuvi wa aina yoyote, hata wa kumrudisha samaki. Maeneo yanayopakana nayo yana masharti yake. Waulize KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo) ya hapo mpaka uko wapi kabla ya kufungua fimbo.

Mshipi wa kusuka unadumu muda gani, na rili niioshe vipi? — Msomaji, Lamu

Kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye visahani vyake, kisha mwagia maji baridi ya bomba kwa upole. Maji ya nguvu husukuma chumvi ndani. Futa, weka kivulini, legeza breki kabisa ili visahani visibonyee. Pete zioshe moja moja, chumvi hukaa chini ya duara la kauri.

Mshipi hauozi, ila mita 20 za mwanzo huchakaa. Kila ukitoka kuvua, pitisha mita 3 zilizo karibu na lida kwenye ukucha. Ukihisi manyoya, kata mpaka pawe laini. Ukishabaki mita 100, au nusu ya juu imepauka na kulainika kama pamba, ugeuze: utoe wote, ule wa ndani ambao haujawahi kuona jua uwe wa mbele. Hapo umepata mshipi mpya bila kununua, na fundo la nailoni chini lifunge upya.